Wikendi ya kupumzika Butare ukitokea Bukavu: anza kupanga kutokea Jumapili

Maswali ni yale yale kila likizo inapokaribia. Jeton, ile karatasi ya kuvukia mpakani, inatosha kufika Butare? Ni saa ngapi njiani? Siku mbili zinafaa, au ni kujichosha bure? Wengi huondoka Bukavu wakiwa na nia ya kupumzika, kisha Jumapili jioni wanateremka kutoka Kamembe, mji wa Rwanda ulio karibu na mpaka, wakikimbizana na saa ya kufunga mpaka, watoto wanalia, simu imezima. Mji wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilifanyika siku tatu kabla, walipopanga safari ya kwenda na kuiacha ya kurudi ijipange yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia Jumapili na kurudi nyuma.

Kwa asiyeufahamu mji: Butare ni mji mdogo wa kusini mwa Rwanda, kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi. Wabelgiji waliuita Astrida, kwa jina la malkia wao Astrid. Baada ya uhuru ukawa Butare, na tangu 2006 jina la kiserikali ni Huye. Ni mji wa wanafunzi tangu zamani: Groupe Scolaire ilianzishwa 1929, chuo kikuu kikafunguliwa 1963, na tangu 2013 ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Sisi wa Kivu tuna undugu nao: IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi ya wakati wa Wabelgiji, iliyojenga kituo cha Lwiro kwetu, ilikuwa na kituo Astrida pia. Barabara kuu ni moja, miti ni mingi, na unaweza kuuzunguka mji kwa miguu bila kuulizia njia mara mbili. Mtu aliyechoshwa na kelele za Kadutu na vumbi la Essence, mitaa yetu ya Bukavu, atapumua huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti, au lese-pase ya CEPGL (hati ya kusafiria ya jumuiya ya Congo, Rwanda na Burundi) ambayo haijaisha muda. Jeton ni ya kuvuka na kurudi, kwa shughuli za karibu na mpaka. Usipande nayo basi la Butare hata kama kuna aliyekuambia alipita.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Kwa mtoto: hati yake ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa, na barua ya ruhusa iliyotiwa sahihi kama anasafiri na mzazi mmoja, shangazi au mjomba.
- Dola safi. Noti iliyochanika au yenye maandishi ya kalamu itakataliwa, na ya miaka ya zamani pia. Beba kubwa chache: noti ndogo za dola hubadilishwa kwa bei ya chini.
- Mfuko wa kitambaa, kikapu au begi. Usiweke kitu chochote katika sashe ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku sashe tangu 2008, na zinatolewa mizigoni pale mpakani.
- Sweta na koti la mvua, hata mwezi wa saba. Barabara ya msitu wa Nyungwe inapanda juu kuliko Bukavu na kule juu ni baridi.
- Viatu vya kutembea, dawa ya kichefuchefu au tangawizi, chupa ya maji.

Hatua

1. Chagua wikendi, na uangalie kalenda mara tatu.

Mara ya kwanza, tafuta Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo Rwanda nzima iko kwenye umuganda, kazi ya jumuiya, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi (08:00 hadi 11:00). Inafanana na salongo yetu, ila inashikwa kwa nguvu zaidi: maduka yanafungwa na magari barabarani yanakuwa machache sana. Ukifika Ijumaa haikusumbui, unalala tu mpaka saa tano. Lakini ukipanga kusafiri Jumamosi hiyo asubuhi, umeshapoteza nusu ya wikendi.

Mara ya pili, angalia mwezi wa nne. Kuanzia tarehe 7 Aprili Rwanda inaingia katika juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Hakuna muziki wala michezo, na sehemu za starehe zinafungwa. Hiyo siyo wiki ya kwenda kustarehe kwa jirani. Chagua nyingine.

Mara ya tatu, ulizia kalenda ya chuo. Wakati wa sherehe za kutoa shahada vyumba vinajaa mpaka nje ya mji. Wakati wa likizo ndefu mji unakuwa kimya kabisa, na vibanda kadhaa vya karibu na chuo vinafunga. Ukitaka utulivu pamoja na uhai kidogo wa vijana, nenda katikati ya muhula.

Kuhusu mvua: Juni hadi Agosti ni kukavu. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba, njia bado inapitika, ila udongo huporomoka Nyungwe na lori moja likikwama kwenye kona, wote mnangoja.

2. Andika saa za kurudi kwanza.

Chukua karatasi. Kutoka Butare hadi Kamembe ni kilomita 140 na kitu, nazo zinachukua saa nne kwa basi, kwa sababu ya kona za Nyungwe. Ongeza nusu saa ya kutoka Kamembe hadi mpakani na saa moja ya foleni pande zote mbili. Hesabu yako ya Jumapili inakuwa hivi: basi saa nne asubuhi (10:00), Kamembe saa nane (14:00), mpakani saa nane na nusu (14:30), nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Umebaki na akiba ya saa moja na zaidi kabla ya giza.

Msikubaliane na anayesema "tutachukua basi la saa saba, tutafika tu." Saa za kufunga mpaka zimebadilishwa mara nyingi, zikipunguzwa na kuongezwa kulingana na hali. Uliza Alhamisi kabla ya safari, uliza mtu anayevuka kila siku, na uliza kuhusu vivuko vya mpakani viwili, Ruzizi ya Kwanza na Ruzizi ya Pili, kila kimoja peke yake.

3. Sasa andika saa za kwenda.

Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na Nyungwe usiku ni ukungu na malori. Ili ufike Butare kabla ya giza, uwe umekaa kwenye basi Kamembe saa saba mchana (13:00). Maana yake uwe mpakani saa tano asubuhi. Kama kazi haikuruhusu kuondoka Ijumaa asubuhi, ondoka Jumamosi alfajiri na ulale usiku mmoja. Hiyo ni bora kuliko kuvuka msitu usiku kisha kuamka umevunjika mgongo.

Saa za pande zote mbili ni zile zile, hakuna kurudisha mshale. Ila tiketi za basi zinaandikwa kwa saa ishirini na nne. Mtu akikuambia kwa mdomo "saa mbili", mwonyeshe tiketi na umwulize kama ni 08:00 au 14:00. Watu wanaachwa na basi kwa sababu ya neno hilo moja.

4. Weka chumba kwa simu, siyo kwa kubahatisha.

Kuna aina tatu. Nyumba za wageni za kanisa ni safi, za bei nafuu na za kimya, lakini geti linafungwa mapema usiku, uliza saa. Hoteli za barabara kuu ziko karibu na kila kitu, ila ukipewa chumba kinachotazama barabara utasikia muziki wa Jumamosi. Nyumba ndogo za kuelekea Ruhande, upande wa chuo, zina bustani na ndege, na utahitaji moto (pikipiki ya kukodi) kurudi usiku.

Uliza maneno manne: kuna maji ya moto? Chai ya asubuhi iko ndani ya bei? Bei ni ya chumba au ya mtu? Naweza kuacha mizigo Jumapili baada ya kutoka chumbani? Piga tena Alhamisi kuthibitisha. Ukikosa kuthibitisha, Ijumaa jioni chumba chako kinaweza kupewa mzazi aliyemleta mwanafunzi.

5. Tengeneza bajeti kwa mistari, usikisie jumla.

Kwa mtu mmoja na usiku mbili, mistari ni hii: teksi hadi mpakani, teksi au moto kutoka mpakani hadi Kamembe, tiketi ya basi, moto tatu au nne ndani ya Butare, vyumba usiku mbili, milo minne kama chai ya asubuhi iko ndani ya bei ya chumba (Ijumaa jioni, Jumamosi mara mbili, Jumapili njiani), kiingilio cha makumbusho, vinywaji. Usafiri wa kufika Butare zidisha kwa mbili, kwenda na kurudi. Juu ya jumla ongeza sehemu moja ya tano, na hiyo ikae kwa dola ndani ya begi, isiguswe.

Badilisha kiasi kidogo mpakani, cha kufikia Kamembe tu. Kilichobaki kibadilishe kwenye ofisi za kubadilisha fedha za Kamembe au benki ya Butare, ambako unapewa risiti. Usitegemee M-Pesa au Airtel Money ya laini ya Congo kulipia dukani Rwanda. Huko wanalipa kwa laini zao, na mgeni analipa kwa franka za Rwanda mkononi.

6. Vuka.

Upande wetu unapita ofisi ya uhamiaji kwa kashe (muhuri) ya kutoka, upande wa pili kwa kashe ya kuingia. Hakikisha kashe zote mbili zipo kabla hujaondoka dirishani. Anayepita bila kashe ya kutoka hugundua Jumapili wakati wa kurudi, na Jumapili ndiyo siku asiyokuwa na dakika ya kupoteza. Mizigo iwe midogo, inayofunguka haraka. Nyama mbichi na vyakula vya kupika viache nyumbani. Vinakuletea maswali bila faida, maana Butare kuna soko.

Jambo la simu: ukiwa Cyangugu, upande wa Rwanda pale mpakani, simu yako inaweza kushika mnara wa upande wowote. Zima data ya laini ya Congo kabla hujavuka. Ukitaka intaneti, nunua laini ya Rwanda Kamembe na pasipoti yako mkononi, kwa sababu lazima iandikishwe.

7. Panda basi sahihi, na ukate tiketi inayofaa.

Kutoka mpakani panda hadi gare (kituo cha mabasi) ya Kamembe. Ajansi (kampuni za mabasi) nyingi hazina basi linaloishia Butare. Unapanda la Kigali linalopita huko. Sema "Huye" wakati wa kukata, kwa kuwa ndivyo inavyoandikwa, na hakikisha umelipa bei ya Huye. Kiti kina namba, na basi linaondoka kwa saa yake hata likiwa halijajaa. Aliyezoea kungoja abiria wajae atafika akute vumbi.

Omba kiti cha mbele. Nyuma ya basi dogo, kwenye kilomita 50 hivi za msitu, hata tumbo gumu linashindwa. Kula chepesi saa moja kabla: mkate, ndizi, siyo fufu na sombe. Nenda chooni gare, kwa sababu basi halisimami msituni kila abiria anapotaka.

Usilale njia nzima. Kuanzia Gisakura hadi Kitabi unapita ndani ya mbuga ya Nyungwe, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023. Huko ndiko maji yanapogawana: upande mmoja yanakwenda Congo, upande mwingine yanakwenda Nile. Nyani na tumbili hukaa kando ya lami. Usiwatupie ndizi dirishani. Wanazoea barabara na magari yanawagonga.

8. Ukishuka Butare, kata tiketi ya kurudi kabla ya kwenda chumbani.

Hii ndiyo hatua watu wanaruka, na ndiyo inayoharibu wikendi nyingi kuliko zote. Mabasi ya Jumapili kuelekea kwetu yanatoka Kigali. Yanapofika Butare viti vingi vimeshachukuliwa na waliopandia huko mwanzo. Ajansi inakuwekea kiti kama umelipa mapema. Ukienda Jumapili asubuhi unaambiwa ungoje la mchana, na la mchana linakupeleka mpakani usiku. Tiketi ya kurudi inaandikwa "Rusizi" au "Kamembe". Usitafute neno Bukavu.

9. Jumamosi, fanya mambo mawili tu.

La kwanza, asubuhi, ni Ruhande. Tembea hadi chuo, beba kitambulisho, msalimie mlinzi na umwombe ruhusa ya kuingia. Pembeni ya kampasi kuna arboretumu iliyopandwa tangu miaka ya 1930, hekta 200 hivi za miti ya aina zaidi ya 200, mikaratusi kwa wingi, iliyoletwa kujaribiwa ili nchi ijue ipande nini. Njia ni za udongo na kivuli ni kizito. Jipe saa mbili hadi tatu bila kukimbia. Kwa mtu aliyekuja kupumzika hapo ndipo penyewe, na ningekata kitu kingine chochote kabla ya kukata msitu huo.

Mchana kula melanji, sahani ya vyakula mchanganyiko, kwenye mgahawa wa wanafunzi. Kanuni yake inawashangaza wageni: unajipakulia mara moja tu, sahani inaweza kupanda kama mlima Kahuzi, lakini nyama ni kipande kimoja. Ukirudi kuongeza unalipa tena.

La pili, alasiri, ni Makumbusho ya Etnografia, upande wa kaskazini kwenye barabara ya Kigali. Yalifunguliwa 1989 kwa msaada wa Ubelgiji na yana kumbi saba: vikapu, ufugaji, ujenzi wa nyumba za msonge, mavazi, ngoma. Saa moja na nusu inatosha mtu mzima. Mtoto atachoka baada ya dakika arobaini. Uliza kuhusu picha kabla ya kutoa simu. Siku ya umuganda nenda baada ya saa tano.

Jioni ni brosheti (mishkaki) za mbuzi na ndizi ya kuchoma. Agiza mapema, zinachukua muda mrefu kwenye makaa. Asiyekunywa pombe atafute baa ya maziwa: ikivuguto (maziwa ya mgando) baridi na chapati ni chakula kamili na cha bei ndogo. Kama Mukura, timu ya mpira ya mji, inacheza nyumbani wikendi hiyo, uwanja wa Huye ni mahali pazuri pa kuona mji wote umekaa pamoja.

10. Jumapili, kahawa kisha barabara.

Misa ya kwanza kwenye kanisa kuu la matofali inakupa nafasi ya kuwahi basi. Uliza saa Jumamosi. Nunua kahawa ya Huye ikiwa ya kukaangwa na imefungwa kwenye karatasi. Fika gare nusu saa kabla.

Makosa yanayorudiwa

Kuongeza Nyanza. Nyumba ya mfalme pale Rukari na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu ni vitu vya kuona, lakini viko kilomita 40 hivi upande wa Kigali. Ukiviweka ndani ya siku mbili, Jumamosi yako yote inakwenda barabarani. Vipe safari yao.

Kuchomeka Murambi kati ya chakula cha mchana na brosheti. Ukumbusho wa Murambi, karibu na Nyamagabe, ni mahali ambapo maelfu waliuawa 1994. Anayekwenda huko aende kwa heshima, akiwa na nusu siku na moyo uliotayarishwa. Usiwapeleke watoto wadogo.

Kupanda moto bila kofia. Rwanda abiria naye anavaa, na moto inabeba mtu mmoja tu. Mazoea ya Bukavu ya watu watatu yaache mpakani.

Kuogopa lugha. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na sokoni wengi wanakisikia. Anza na "Mwaramutse" asubuhi au "Mwiriwe" baada ya mchana, kisha endelea na Kiswahili au Kifaransa chako. Aliyesalimia kwanza anahudumiwa kwa uso mwingine.

Mambo yakiharibika

*Mpaka umefungwa Ijumaa au foleni haisogei.* Jipe hadi saa saba mchana. Ikipita hapo, rudi nyumbani, piga simu hotelini, uombe kusogeza chumba hadi Jumamosi. Usivuke jioni kwa matumaini.

*Basi limejaa Jumapili na hukukata tiketi.* Zunguka ajansi zote kwa dakika ishirini, kisha uliza kama kuna kiti cha kuishia Nyamagabe na kingine cha kuendelea. Hilo linafanya kazi pale tu ambapo ajansi ya Nyamagabe imekuthibitishia kwa simu kwamba kiti kipo. Ikishindikana, lala Butare na upande la kwanza Jumatatu.

*Barabara imefungwa na maporomoko Nyungwe.* Kaa ndani ya basi na kondakta. Ajansi inaweza kuwabadilishia gari upande wa pili. Hapa ndipo sweta, maji na biskuti vinapofanya kazi.

*Umefika Kamembe na saa ya mpaka imepita.* Usiteremke Cyangugu kujaribu bahati, na usimfuate kijana anayekuambia anajua njia ya mtoni. Chukua chumba Kamembe kwa ile akiba ya dola, wajulishe wa nyumbani, uwe kwenye foleni kabla mpaka haujafunguliwa asubuhi.

*Pasipoti imepotea.* Ripoti polisi ya Butare siku hiyo hiyo na uombe karatasi ya ripoti. Picha ya pasipoti iliyotumwa kwa ndugu kabla ya kuondoka inasaidia kuthibitisha wewe ni nani, basi itume Alhamisi usiku, pamoja na namba ya hoteli na saa ya basi lako la kurudi.